Metre ya Shaba

Ezéchiel Kalonji alikuwa na ugomvi na mji mzima wa Kolwezi, na ugomvi wenyewe ulikuwa huu: watu wa mji huu hawajui kupima. Ukimwita yeye aje kwako apime mlango, mlango utaingia mahali pake kama umezaliwa hapo. Lakini ukimpelekea vipimo kwenye karatasi, ulivyopima mwenyewe na metre yako ya dukani, hapo jiandae. Mlango utakuja mkubwa, utakataa kuingia, na Ezéchiel atafika na randa yake kuuparua huku akikusema mbele ya watoto wako. Randa sisi tunaiita rabo, basi mtaa mzima wa Manika ukampa jina la Tata Rabo, yaani Mzee Randa. Jina hilo lilimkera kuliko vumbi la malori.

Hizo metre za kujikunja zinazouzwa kwenye maduka ya vyuma alikuwa hazigusi. “Bitu bya batoto,” alisema. Yeye alikuwa na metre moja tu, kipande kirefu cha mbao kilichonyooka, kigumu kama mfupa, ncha zake zimevalishwa chuma. Aliachiwa na baba yake, Raphaël, aliyekuwa fundi wa mbao kwenye fonderi ya kampuni, pale walipoyeyushia shaba na kuimwaga kuwa vyombo vya mashine. Karibu na ncha moja palichomwa alama kwa chuma cha moto: R 15. R ni Raphaël, Ezéchiel alimweleza kila mtu, na 15 ni namba ya meza yake ya kazi. Kuigusa hiyo metre hakuruhusu mtu. Siku moja Micheline, mke wake, aliichukua kumtolea panya chini ya kitanda, na siku tatu hakusemeshwa.

Wala usimcheke haraka. Aliipata akiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka 1993, Bakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga, ambayo siku zile iliitwa Shaba. Familia yao ilikaa stesheni wiki nyingi ikingoja treni, chini ya hema la mifuko, na Tata Raphaël akashikwa na homa. Watu walikuwa wanavunja viti na vitanda vyao wapate kuni za kupikia. Yeye akamwita mwanawe, akamwekea metre mikononi, akasema, “Ezé, hii ni ya Shaba. Usisahau.” Treni ilipofika Mwene-Ditu, huko Kasai, walimshusha amekwisha kufa. Mtoto akaelewa alivyoelewa: kitu hiki ni cha kule, kirudishe kule. Miaka kumi na moja baadaye akakirudisha. Ndugu zake wote walibaki Kasai na walimwona kichaa.

Na mbao? Ipo pia mbao. Tata Raphaël aliacha nyumbani ubao mmoja wa mubanga, mnene, mzito, mti ambao msumari ukiuingia unajikunja. Jirani yao, Mama Odile, mshonaji wa nguo, hakuwa Mkasai. Yeye alibaki, na ubao akauficha darini kwake mpaka Ezéchiel aliporudi. Tangu hapo Ezéchiel hakuukata. Alitengeneza ngazi na mipini ya sururu kwa vijana wa Mutoshi wanaochimba kobalti, alitengeneza masanduku, vitanda, hiyo milango ya ugomvi. Ubao wa baba ulingojea kazi inayoustahili.

Kazi ikaja, na ilikuja na balaa lake.

Séraphin Mushiya alikuwa mtu wa Kisenge, kiongozi wa wawindaji wenye vibali. Nyati akijeruhiwa na wageni, yeye ndiye anayeingia kwenye nyasi kumalizana naye, peke yake, na bunduki moja yenye risasi nene kama kidole gumba. Pikipiki yake ilianguka, lori likapita juu ya bunduki. Chuma kilipona, kitako cha mbao kikawa vipande visivyotosha hata kuwashia moto. Mtu akamwambia, Kolwezi yuko fundi anayetengeneza viti bila msumari. Akaja na picha kwenye simu na karatasi ya vipimo, kwa sababu bunduki yenyewe imeandikishwa Kisenge, haiwezi kulala kwa fundi, na kuitembeza kunataka kibali kingine tena.

“Tata Ezé, hii bunduki inapigaka teke,” alisema. “Haina ya kanga.” Kwetu haina ni si; alitaka kusema si bunduki ya kupigia ndege.

Akamweleza siri yote. Chini ya chuma kuna jino. Bunduki ikilia, chuma kinarudi nyuma kwa nguvu, na jino linasukuma ukuta wa mbao uliochongwa nyuma yake. Jino likikaa sawasawa kwenye ukuta huo, teke lote linamezwa pale mbao ilipo nene. Jino lisipougusa, chuma kinateleza hadi mkia wake unapiga shingo ya kitako, pale pembamba mkono unaposhika, na shingo inapasuka kama kuni.

Ezéchiel alifurahi, we! Nani hapa Kolwezi alishachonga kitako cha bunduki ya nyati? Wiki mbili hakutaka kusikia habari ya ngazi wala mpini. Alichukua ubao mzuri wa mulombwa, mwekundu, akafuata karatasi ya Séraphin milimita kwa milimita na metre ya baba yake, akapaka mafuta mara tano. Micheline alisema kinafaa kulala nacho.

Kitako kikaenda Kisenge, kikapigwa risasi nne. Ya nne, shingo ikapasuka, na skrubu ikamchana Séraphin kidole.

“Uliifanya nini?” Ezéchiel alilia kwenye simu.

“Sikuifanya kintu! Ilikataa kuingia tu. Jino ilikuwa inagonga kwa ukuta. Nikatia chuma ya moto, nikachoma kidogo, ikaingia.”

“Ulichoma wapi?”

“Kwa ukuta ya jino.”

Hapo Ezéchiel akarusha kofia yake chini. Ukuta ule ule! Mahali pale pale ambapo ukivua hata unene wa ukucha umeua kazi yote! Akamtukana Séraphin, metre yake, na wote waliokwenda shule Kisenge. Kisha akatulia, akasema atafanya kingine, na safari hii Séraphin apime upya, polepole, kama mtu mwenye akili.

Séraphin akapima upya. Namba zikaja zile zile. Cha pili Ezéchiel alikichonga kwa mulombwa mwingine, akapitisha vyuma viwili vya kukaza katikati ya mbao, kimoja nyuma ya jino, kingine nyuma zaidi. Akaandika kwa kalamu nyekundu ndani ya kitako: USIGUSE UKUTA. Séraphin hakuugusa kwa moto. Aliugusa kwa kisu. Angefanyaje? Ukiweka skrubu ya nyuma kwenye tundu lake, jino linapanda juu ya ukuta na bunduki haiketi. Risasi ya pili ikakipasua kitako kutoka shingo mpaka katikati, na bega la Séraphin likawa jeusi wiki nzima.

“Tata, mi nakuheshimu,” Séraphin alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. “Kama nyati angekuwa mbele yangu, leo mungekuwa kwa matanga yangu. Mara moja tena. Hii ikipasuka, naenda kununua ya plastiki Ndola.”

Plastiki! Ezéchiel hakulala vizuri tena. Alizunguka karakana akipiga mateke vumbi la mbao. Alimlaumu muuza mbao, akailaumu mvua, akalaumu gundi. Mtu akija kuuliza ngazi yake, analaumiwa na yeye.

“Pengine mbao haina kosa,” Micheline alimwambia akiwa anakoroga bukari, ugali wetu. “Pengine Séraphin pia hana kosa.”

“Sasa njo nani?”

“Mi sijue. Mi niko mupishi tu. Ila naona kila mutu anakuletea karatasi anakosa, na we peke yako hukosake.”

“Ndiyo vile! Umeona sasa!” alisema Ezéchiel, na hakuona alichoambiwa.

Asubuhi iliyofuata akaushusha ubao wa baba yake. Aliupangusa vumbi, akaugonga kwa vifundo vya vidole, ukalia kama kengele. Mubanga uliokauka miaka zaidi ya thelathini: huo haupasuki, hata uufungie mzinga wa vita. Na kama ukipasuka, basi yeye si fundi, ni mtu wa mipini, na hakuna ubao wa nne, hakuna tena kitu cha baba yake kilichobaki kizima ila metre. Alilijua hilo alipoweka msumeno. Akajikaripia kwa sauti, akakata. Misumeno miwili ilikufa. Alichonga siku kumi na mbili, akipima kila kitu mara tatu na metre ya R 15, na akamwambia Séraphin: safari hii utatafuta kibali, utaileta bunduki hapa, nitaivalisha mimi mwenyewe mbele ya macho yako, ili tujue kati yetu mjinga ni nani.

Séraphin akaja Jumamosi mchana. Bunduki ilipaswa kuwekwa ofisi ya polisi kabla haijafunga saa kumi na moja, kwa hiyo walianza kazi bila hata kunywa maji. Akatoa chuma kitupu, kimepakwa mafuta. Ezéchiel akakipokea kwa mikono miwili, akaweka skrubu ya nyuma kwenye tundu lake, akakishusha taratibu.

Kikakataa.

Jino lilikuwa limepanda juu ya ukuta. Milimita tatu hivi. Akakitoa, akakirudisha. Kikakataa. Jasho likamtoka puani.

“Unaona?” Séraphin alisema polepole. “Unaona sasa, tata?”

“Nyamaza.”

“Mi nasema tu, unaona?”

“Umeandika mia moja tisini na nane! Kutoka mukia mpaka jino, mia moja tisini na nane! Angalia karatasi yako!” Akaweka metre kwenye mbao. Mia moja tisini na nane, haizidi haipungui. “Mbao haina kosa! Chuma yako njo imekuwa mufupi!”

“Chuma inakuwaka mufupi namna gani, tata?”

Ezéchiel aliinama juu ya mbao. Alikuwa ameshika patasi. Hata yeye hakujua ameichukua saa ngapi. Ncha yake ilikuwa juu ya ukuta wa jino, tayari kuvua zile milimita tatu, yeye aliyewatukana wenzake miezi miwili kwa jambo hilo hilo. Ni kitu kidogo. Mapigo mawili matatu, chuma kitaingia, kila mtu ataenda zake. Machozi ya hasira yalikuwa yanamchoma.

Hapo ndipo Mama Odile alipoingia, metre yake ya kitambaa shingoni kama kawaida ya washonaji, na kinywa chake kimekwisha kufunguka tangu barabarani.

“Tata Rabo! Mulango yangu ya atelier ya kushonea imekataa tena kufunga. Mara ya tatu sasa. Mi niliipima mwenyewe, na mikono yangu hii, inakuwaje...” Akaona bunduki, akaona patasi, akaona nyuso. “Kuko nini? Munataka kuuana?”

“Mama, usinianze,” Ezéchiel alisema. “Leo usinianze. Nyinyi wote ni bamoja. Hakuna mutu anajua kupima katika mji hii!”

“Mi? Mi sijue kupima?” Mama Odile alivuta metre kutoka shingoni kama mtu anayechomoa panga. “Miaka makumi ine napima matako ya bamama ya Kolwezi, hakuna moja imenirudishia jupe. Lete hiyo kintu yako.” Akainama, akapima mbao kutoka mkia mpaka jino. “Mia mbili na moja.”

“Mia moja tisini na nane.”

“Mia mbili na moja. Macho yangu bado mazima.”

“Metre yako imevutika! Kwa matako hayo hayo!”

Séraphin alicheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka. Akatia mkono mfukoni, akatoa metre yake ya chuma, ile aliyoandikia karatasi zote, akailaza juu ya ile ya Mama Odile. Zilikubaliana mstari kwa mstari. Akaangalia metre ya mbao mkononi mwa Ezéchiel.

“Tata, na heshima yote. Laza hiyo yako hapa.”

Ezéchiel akaipangusa kwa kiganja, akailaza. Zote tatu zikakaa kwenye meza ya kazi, zimeanza mahali pamoja. Kwenye sentimita kumi hukuona kitu. Kwenye ishirini, ya mbao ilikuwa imeanza kuachana na wenzake. Mwishoni, metre ya Tata Raphaël iliwapita wenzake kwa sentimita moja na nusu.

Mama Odile akashika ncha yake, na safari hii Ezéchiel hakumkataza. Alisoma ile alama, akajipiga paja.

“Yo, mama! Hii metre nilikuwa naiona zamani, ila hujawahi kuniacha niikaribie. Bwana yangu marehemu alikuwa anamwaga shaba pale fonderi, si unajua? Batu kama baba yako walikuwa wanachonga kwanza umbo ya mbao, wanaifinyia mu muchanga, halafu wanamwaga shaba mule. Sasa shaba ikipoa inarudi, inakuwa mudogo, sawa kitenge ukiifua mara ya kwanza. Njo maana mbao inapaswa kuwa mukubwa kidogo. Wakawa na metre yao, ndefu kuliko metre ya batu. Hii R haina Raphaël, mwanetu. R njo retrait, ile kurudi ya shaba. Kumi na tano kwa elfu, njo sentimita moja na nusu kwa kila metre. Ni metre ya shaba hii.”

Ezéchiel alikaa juu ya sanduku. Milango yote ya Manika ilimpita kichwani: mlango wa mwalimu, mlango wa kanisa, mlango wa Mama Odile, na matusi aliyotoa kwenye kila kizingiti. Alipoitwa apime mwenyewe aliikosea nyumba na mbao kwa pamoja, kwa hiyo viliingiana. Waliomletea karatasi walipima vizuri, wote. Miaka ishirini walipima vizuri.

“Weka chini hiyo patasi kwanza,” Séraphin alisema, na akaiondoa yeye mwenyewe.

Kazi iliyobaki haikuwa kubwa, na hilo lilimuudhi zaidi. Ubao ulikuwa umezidi, haukupungua. Alichukua chuma, akakisogeza mbele mpaka jino likakaa kwenye ukuta wake mzima, ukuta ambao safari hii hakuna mtu aliyeuchoma wala kuukwangua. Akaziba tundu la skrubu ya nyuma kwa kijiti cha mubanga huo huo na gundi. Jumatatu, Séraphin alipoirudisha bunduki, akatoboa tundu jipya milimita tatu mbele, kwa metre ya chuma aliyoazima. Nyuma ya mkia ikabaki nafasi ndogo, kiasi cha ukucha, na akaiacha hivyo. Chuma kikashuka, kikaketi, kikatulia.

Alhamisi simu ikalia.

“Risasi saba, tata!” Séraphin alikuwa anapiga kelele. “Saba! Bega yangu njo inalia, mbao imenyamaza! Hata nywele haijapasuka!”

“Muzuri,” Ezéchiel alisema, akakata.

Micheline alimwangalia. Alitegemea atacheza, atamwita jirani, atatuma mtu soda. Mume wake alikuwa ameketi mezani na ile metre mbele yake, anaisogeza kwa kidole, huku na huku.

“Imeshika,” akamwambia.

“Nasikia. Sasa juu ya nini uko hivi?”

“Baba alisema, hii ni ya shaba. Usisahau.” Akaigeuza metre. “Nilikuwa mutoto, mujimbo ilikuwa inaitwa Shaba, walikuwa wanatufukuza Shaba. Nikafikiri ananiambia turudi. Kumbe alikuwa ananifundisha kazi tu! Hii ni ya shaba, haina ya mbao, usikosee. Alikuwa na homa, anakufa, na kitu moja tu alitaka niijue ni hiyo. Na mi nikaacha ndugu zangu wote kule, nikakuja huku, nikakosea miaka makumi mbili. Nimugombeze nani sasa, Micheline? Nimugombeze nani?”

Micheline alizaliwa Kolwezi, na huko Kasai hajawahi kufika. Alifunika sufuria, akapangusa mikono kwenye kitenge.

“Ungesikia muzuri siku ile, ungebaki kule Mwene-Ditu,” alisema. “Mi ningeolewa na nani?”

“Na mutu anajua kupima,” Ezéchiel alimjibu.

Akainuka, akachukua randa na metre ya chuma, akaenda kwa Mama Odile kuurekebisha ule mlango. Ile ya baba yake aliiacha mezani.